Chakula Kilichokwenda kwenye Sinki la Bi Marlys

Mara ya tatu kuitwa nyumbani kwa Bi Marlys Tollefson ndani ya mwezi mmoja, nilikwenda nimenuna. Miaka ishirini na sita natengeneza mabomba hapa mjini Eau Claire, na hakuna kinachonichosha kama kumwambia mtu jambo lile lile kila siku. Mashine ya kusaga mabaki, ile inayokaa chini ya sinki, si pipa la taka. Unafungua maji ya baridi kwanza, unawasha, unaitilia kidogo kidogo. Ikimaliza, unaacha maji yaende mpaka uhesabu ishirini. Mafuta hapana, wali hapana, tambi hapana. Yote hayo nilimwandikia na kuyabandika kwenye friji.

"Usinikunjie uso, Lyle," aliniambia mlangoni. "Kahawa ipo tayari."

"Kahawa baadaye. Safari hii umeilisha nini, mama? Matofali?"

"Mabaki tu, mwanangu. Tena madogo."

Nilizima umeme wa jikoni, nikalala chali chini ya sinki na kujaribu kuizungusha mashine kwa spana. Ilikaza kama mwamba. Nikaifungua, nikaimimina kwenye ndoo.

Zikatoka njegere nzima. Yakafuata madonge manne ya nyama, viazi vya kuokwa, karoti, na chini yake tambi zilizoshikamana. Hakuna kilichoguswa na jino. Vile havikuwa mabaki hata kidogo. Ulikuwa mlo kamili wa mtu mmoja, juu ya mlo mwingine.

Niliinua macho. Kando ya sinki vilikuwa vimepangwa vibakuli vinne vya plastiki, vimeoshwa vikang'aa: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kristine, binti yake, huja kila Jumapili kutoka mji wa Menomonie na vibakuli saba, kila kimoja na siku yake. Kisha nikamtazama Bi Marlys mwenyewe. Suruali ameifunga kwa kamba. Tangu tumzike mumewe, Orrin, mwezi Machi, nilikuwa nimeingia jikoni mle mara mbili na kuangalia bomba tu. Niliona aibu.

"Mama, huli," nikasema.

"Nakula mkate. Na kahawa."

"Na Kristine?"

"Ananiuliza kila jioni. Namwambia bakuli ni tupu. Si uongo, ni tupu." Alijishika kwenye kiti. "Miaka hamsini na moja, Lyle. Orrin ndiye aliyekuwa na hamu ya chakula. Mimi nilikula kwa sababu yeye yuko mbele yangu. Sasa nikikaa pale mezani chakula hakishuki. Usimwambie. Atanihamisha hapa."

Nilitaka kumkemea, nikataka pia kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo.

"Simwambii," nikasema. "Lakini mashine siirudishi leo. Ukimwaga kitu hapo, kitaangukia viatu vyako."

"Kumbe una roho mbaya hivyo."

"Ninayo."

Simu iliyokuwa mezani ikalia. Aliibonyeza, na sauti ya Kristine ikajaa jikoni.

"Mama, fundi amefika?"

"Yupo hapa."

"Haya. Na umekula?"

Bi Marlys aliangalia vile vibakuli, akaangalia ndoo. Mimi niliangalia sakafu. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, nikanyamaza, ingawa iliniuma.

"Bakuli ni…" alianza. Kisha akaivuta simu karibu. "Hapana, Kristine. Sijala. Chakula chako chote nimekuwa nikikisaga kwenye mashine. Tangu Machi."

Upande wa pili kikasikika kilio cha mtu mzima.

"Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi."

"Njoo. Endesha polepole."

Nilinawa mikono bafuni, nikarudisha umeme, nikatoa kibakuli cha Ijumaa kwenye friji, nikakipasha moto na kutafuta uma mbili. Sikukaa kwenye kiti cha Orrin, lakini nilikaa mbele ya Bi Marlys. Nikala tonge la kwanza. Alinitazama nikitafuna, kisha akachoma kipande cha kiazi, kidogo sana, akakitia mdomoni.

Alitafuna kwa muda mrefu. Nilihesabu kimoyomoyo, kama ninavyohesabu maji. Nilipofika kumi na saba, akameza.