Mguu Huu ni Wangu

Fatouma alikuwa mpishi wa sherehe Buyenzi, mjini Bujumbura. Ukiozesha mtoto mtaani kwetu bila pilau yake, wageni walikula, wakashukuru, kisha njiani wakaulizana kulikoni. Mume wake alishafariki, mtoto hakujaliwa, na chumba alichoishi kilikuwa uani kwa kaka yake mkubwa, Massoudi, fundi wa magari.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na ulikuwa umemtia ganzi miguuni. Siku aliyokanyaga kaa la moto jikoni hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kugeuza wali mpaka Saliha, jirani yake na msaidizi wake wa kazi, aliponusa ngozi inaungua.

Kidonda kilianza pembeni ya wayo. Massoudi akamleta mtu mmoja anayeuza dawa za unga, naye akakinyunyizia unga mweusi asubuhi na jioni. Juu yake likaota gamba gumu kama ukoko wa sufuria.

"Unaona? Kimekauka," Massoudi akasema kwa furaha.

Lakini vidole viwili vya mwisho navyo vikaanza kuwa vyeusi, na chini ya gamba ikatoka harufu ambayo ubani haukuweza kuifukuza. Wifi yake, mke wa Massoudi, akaanza kumletea chakula mlangoni badala ya kumwita ndani. Majirani waliokuja kumjulia hali walisimama kwenye upepo.

Kisha Massoudi akaja kumwambia habari ya harusi ya mwanawe, Anouar.

"Tumepata mupishi mwengine," alisema, macho yakiwa ukutani. "We utapumzika chumbani. Wageni wengine wanatoka Kongo, Uvira."

"Nipumzike ao nifichwe?"

Massoudi akageuka kuondoka.

"Basi nipeleke hospitali, kaka."

"Hospitali watakata muguu. Mama walimukata, wiki haikuisha tukamuzika. Apana, Fatouma. Mi nikiwa muzima, hakuna mutu atakukata."

Fatouma hakubishana naye. Kesho yake, Massoudi alipokwenda gereji, alimwita Saliha.

"Nenda sokoni uombe gari la mukono, lile la kubebea ndizi. Unisukume mpaka kwa dokta."

"Dada, mchana huu? Si watu watatuona?"

"Waone."

Kwa uhaba wa mafuta ya gari mjini, teksi zilikuwa za kubahatisha, na mguu ule haukuwa wa kutembelea. Saliha alileta gari, akatandika mkeka, akamfunga mguu kwa kanga safi. Kisha akampa mtandio mwingine ajifunike uso.

"Wa nini huu? Nimeiba kitu cha mutu?" Fatouma aliuliza, akamrudishia.

Basi wakapita katikati ya mtaa, Saliha akisukuma huku jasho linamtoka, Fatouma amekaa wima kama bibi harusi. Waliomsalimu aliwaitikia kwa sauti. Waliogeuza nyuso aliwaita kwa majina, akawauliza hali za nyumbani kwao, mpaka wakalazimika kugeuka na kujibu.

Kwenye kliniki walipokelewa na Dokta Joëlla, mwanamke mwenye maneno machache. Alifungua kanga, hakukunja pua. Akaweka vidole juu ya mguu, akatulia kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Damu bado inafika mpaka hapa," alisema. "Hiyo ni nzuri. Lakini hii nyeusi, mama, ni nyama ya kufa. Haiwezi kuwa nzima tena. Ikibaki, uchafu unajificha chini yake na unakula ile nzima. Inafaa itoke. Na hivi vidole viwili vimekwisha."

"Na muguu?"

"Nitapigania muguu. Siahidi. Ungechelewa zaidi, tungeongea habari ingine."

"Kata basi. Lakini unikalishe vizuri, nataka kuona."

"Wengine wanazimia."

"Mi nimechinja mbuzi wa harusi ngapi? Kata."

Dokta alikuwa ameshavaa glavu Massoudi alipoingia. Mtu alikuwa amemwambia, naye alikuja mbio na mafuta ya injini mikononi.

"Acheni! Mi ndiye mukubwa wake. Sijakubali!"

Dokta Joëlla alimtazama Fatouma, akangoja.

"Kaka," Fatouma alisema, "nakuheshimu. Nyumba ni yako, harusi ni yako. Muguu huu ni wangu."

"Mama alikufa kwa kisu!"

"Mama alikufa kwa sababu tulimuficha chumbani mpaka kuoza kukapanda gotini. Na mi nilikuwepo, nilimuchomea ubani. Sasa ni mimi, na sikubali. Ukae hapa ama utoke, lakini dokta ataendelea."

Massoudi alijifuta mafuta mikononi, akajifuta tena. Mwishowe akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, kichwa mikononi.

Dokta aliinua gamba kidogo kidogo kwa kisu chembamba. Usaha ukatoka, Saliha akageuka ukutani. Fatouma hakugeuka. Kwa muda hakusikia kitu, kama wanakata kiatu cha mtu mwingine. Halafu akashtuka, akauma meno, na damu nyekundu ikatiririka.

"Inauma?"

"Inauma!"

"Sawa. Hapo tumefika kwenye nyama nzima."

Fatouma akacheka huku machozi yanamtoka.

Vidole viwili vilikatwa baadaye, kwa sindano ya ganzi. Akaanza kuchomwa sindano za insulini. Akarudi kliniki tena na tena kusafishwa na kubadilishiwa bandeji, maana nyama iliyokufa haikutoka yote mara moja. Alikatazwa kukanyagia mguu ule, na huo ndio ulikuwa mtihani wake mkubwa kuliko kisu. Yule muuza unga alipopita kuuliza habari za mgonjwa wake, Fatouma alimwonyesha fimbo, naye akaelewa.

Siku ya harusi ya Anouar kidonda kilikuwa bado wazi, lakini harufu ilikuwa imekwisha, na ndani kulikuwa kwekundu kama nyama ya bucha asubuhi. Saliha alimsukuma kwa gari lile la mkono mpaka penye majiko pale uani. Fatouma akakaa kwenye kiti, mguu na bandeji yake nyeupe juu ya kreti ya Fanta, mbali na moto, akaanza kuamrisha.

"Nani ametia chumvi hapa bila kuonja? Punguza moto! Wali si mahindi."

Yule mpishi mwingine alijaribu kununa, kisha akatii. Mke wa Massoudi akaja na kitambaa, akanong'ona kwamba wageni wa Uvira wanapita, labda afunike mguu kidogo.

"Wakiuliza, waambie vidole viwili vimetangulia. Mwenyewe nimebaki kupika."

Massoudi alikuwa amevaa kanzu mpya. Tangu siku ya kliniki walikuwa wakisalimiana tu. Alikuja mpaka karibu na sufuria, akainama kuangalia bandeji.

"Kinauma?" aliuliza.

"Kinauma."

Hakuomba radhi, na Fatouma hakuidai. Alimpakulia wali kwenye sahani, akamnyooshea. Massoudi akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akakaa kando yake na kanzu yake mpya, mbele ya wageni wote, akala.