Wawili Waliosimama Mstarini

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1974. Asubuhi kulikuwa na jalidi, na ukungu umelala juu ya mfereji.

Jioni nilisali, nikaenda darasani katika ukumbi wa kanisa letu, kijijini Braunston, Uingereza. Sisi tuliozaliwa kwenye boti za mizigo hatukusoma. Herufi nilizijua kwa kulifuata kwa kidole jina lililopakwa rangi ubavuni mwa boti ya baba, na huko zote ni kubwa. Basi nami niliandika zote kubwa.

"Dada Sabina, mbona unapiga kelele?" alisema Wilf, muuza makaa, akichungulia daftari langu. "Karatasi imeshaziba masikio!"

"Angalia lako, limejaa masizi."

Mwalimu wetu, Bi Thirlby, alicheka, kisha akanielekeza: herufi kubwa ni ya kuanzia sentensi, ya jina la mtu, ya jina la Mungu, na ile moja iliyonyooka, I, ambayo kwa Kiingereza peke yake ndiyo "mimi". Nyingine zote ndogo. "Sasa andika jambo moja la utotoni."

Sikupanga kuliandika lile. Mkono ulikwenda wenyewe: mimi nilimwachia Dorcas mkono.

Nilipotazama, herufi ndogo zilikuwa zimelala kama maji, na kati yake wamesimama wawili tu: mimi, na mdogo wangu Dorcas, aliyezama mfereji ukiwa umejaa, ana miaka minne.

Kwa miaka hamsini na moja nimemsikia akigonga mbao kutoka chini, kwanza za boti, siku hizi za sakafu ya nyumba. Sasa hakugonga. Alisimama, ananitazama.

Nilimtafuta kaka yangu Absalom mstarini. Hakuwemo. Siku ile niliacha mkono wa Dorcas ili nichume matunda ya miibani, na baba alipouliza, nikasema, "Alimfuata Absalom." Absalom alikuwa mbele, anafungua milango ya maji ya mfereji ili boti ipite. Naye mwenyewe akaamini kwamba mtoto alikuwa nyuma yake.

"Tusomee," alisema Bi Thirlby.

Nikasoma. Nikaeleza yote. Wilf alivua kofia, akauliza:

"Huyo kaka yuko hai?"

"Yupo mjini Daventry. Hapiti kando ya maji."

"Anajua?"

"Anajua hakugeuka nyuma. Hajui kingine."

Nilisimama, nikauchana ule ukurasa daftarini.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote, Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwa Absalom na karatasi hii. Nitamsomea mwenyewe, kwa sauti, asikie jina lake halimo."