Bamba la Bibi Matrida

Picha moja ya Kiholanzi niliibandika ukutani kwangu, Musoma: mwanamke mwenye kola pana, picha iliyochapwa kwa wino karne nyingi zilizopita. Fundi wake alilichimba bamba la shaba lote kwa chuma cha meno hadi likawa linaparuza vidole. Bamba la namna hiyo ukilipaka wino na kulichapa karatasini hutoa giza tupu, maana mikwaruzo yote hushika wino. Kisha akalilainisha kidogo kidogo, na kila alipolainisha pakatoka mwanga: paji la uso, pua, shavu. Nilimwonea wivu. Nadhani yeye hakuwa na mgonjwa nyumbani.

Mimi nilikuwa naye. Bibi Matrida, aliyenilea kule Guta, aliugua moyo, na hakuwahi kukubali kupigwa picha hata moja. Kuchorwa alikubali. Nikamleta kwangu, nikalichimba bamba langu vivyo hivyo wiki tano, nikaanza uso wake. Macho yalikuwa yameshaonekana kwenye shaba.

Siku moja nikaenda kununua wino. Niliporudi nilimkuta uani na mchanga na stilwaya, bamba linang'aa.

"Rhobi, hili sinia lako liliungua vibaya," akasema. "Mimi sikaagi bure kwa watu. Nimelisugua tangu asubuhi."

Kwa Bibi, mgeni asiyesugua vyombo ni mzigo. Nililijua hilo, na bado nikamfokea. Nikamwambia amejifuta mwenyewe. Aibu ile ninayo hadi leo.

Kesho yake akaniomba chuma cha meno, alichimbe upya bamba alilolifuta. Nilidhani atachoka upesi, lakini mikono ile haikujua kutulia. Alikiyumbisha huku na huku kutwa nzima, wiki baada ya wiki, mistari ikipishana sawasawa kuliko yangu. Mara nyingine alimtazama yule mwanamke wa ukutani.

"Aliyemtengeneza huyu alimpenda?"

"Sijui, Bibi."

"Itakuwa alimpenda. Hii kazi huwezi kumfanyia mtu baki."

Alimaliza Jumamosi. Jumatatu moyo ukasimama, tukamzika Guta.

Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike. Bamba lake nimelichapa mara moja tu, likatoa weusi mzito usio na doa. Uso wake bado ninao kichwani, ila umeanza kuniponyoka, na ninaogopa. Kila asubuhi nashika kisu cha kulainishia, nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi. Nikitaka kumwona, lazima nifute kazi ya mikono yake.