Mkia Mweusi wa Mtoto wa Nawwara

Kaka yangu Mitwalli anaweza kukutajia mama na mabibi kumi na wanne wa farasi wake Nawwara, mmoja baada ya mwingine, bila kumeza mate. Muulize binti yake Rawya alizaliwa mwezi gani, atakutolea macho. Mimi ni dada yake mkubwa, mjane niliyerudi nyumba ya baba yetu hapa Bilbeis, na upuuzi huo naula pamoja na mkate kila asubuhi.

Rawya ana miaka ishirini na saba. Ramadhani ya mwaka juzi aliposwa na Wagdi, daktari wa mifugo, kijana wa adabu zake. Ila yake ni moja tu: baba yake ni Bayyumi, anayetuletea birsimu, majani ya kulisha farasi, kwa mkokoteni unaovutwa na farasi dume. Mitwalli akamrudisha mlangoni. "Damu yetu haichanganyiki na ya wauza majani," alisema, na fungu la majani hayo hayo liko mkononi mwake. Rawya alilia wiki nzima, nami nilitamani kumpiga kaka yangu kwa kiatu.

Nawwara ni mwekundu mwili mzima hadi mkia. Alipandwa na dume wa ukoo mkubwa, mwekundu vilevile, na mashahidi wanne wakatia sahihi. Kisha, siku zile zile, Mitwalli akafanya alivyofanya babu: akatundika zizini picha ya farasi bingwa, eti jike akiitazama atazaa wa sura ile. Akawa anamgeuza shingo. "Tazama hapa, kipenzi. Usitazame ukuta." Akichoka, huyo, anakwenda kunywa kahawa, lango wazi, na mkokoteni wa Bayyumi na farasi wake wamesimama uani.

Baada ya miezi kumi na moja mtoto akazaliwa, mwili wa kahawia, mkia na nywele za shingo nyeusi tii. Mitwalli hakuona kitu. Siku ya saba aliita wafugaji wenzake, akawalisha fatta ya mkate, wali na nyama ya kondoo, akawanywesha sharbati, kana kwamba kazaa yeye.

"Mtazame shingo!" wakasema wageni. "Damu hii inajionyesha yenyewe!"

Mmoja wao, mzee Shalabi, akapenda kumchokoza. "Haji, nasikia na mwana wa Bayyumi alitaka kuingia katika damu hii?"

Watu wakacheka. Mitwalli akasimama, uso umemwiva. "Wallahi, mbele yenu nyote, mtoto huyu akiwa na tone moja la damu ya mkokoteni, nitakwenda kwa miguu yangu nyumbani kwa Bayyumi kumbembeleza amchukue binti yangu!"

Rawya alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alilisikia neno hilo, na wageni wote waliona kuwa amelisikia.

Wagdi aliingia baadaye kidogo, maana fomu ya kumsajili mtoto inataka sahihi ya daktari, na daktari wa eneo hili ni yeye. Akamzunguka mtoto mara mbili. Akafunika kalamu.

"Haji, siwezi kusaini. Baba wa mtoto huyu si yule uliyemwandika."

"Umelogwa? Mashahidi wanne wameona!"

"Walichoona, kweli wamekiona. Sikiliza, Haji. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya rangi yake. Weusi huu wa mkia ni mbabe, ukiwemo mwilini hauwezi kujificha, lazima utokee. Farasi mwekundu hana huo weusi kabisa, angekuwa nao tungeuona. Sasa wewe umeoanisha wekundu wawili. Weusi mtoto kautoa wapi?"

"Kwenye picha!" Mitwalli akapaza sauti. "Jike aliitazama picha!"

"Picha haipandi, Haji."

Mimi nilikuwa nimenyamaza miaka miwili, nikaona yatosha. "Mitwalli, farasi wa Bayyumi mkia wake una rangi gani?"

Mzee Shalabi alijibu kwa niaba yake kwa kucheka mpaka sharbati ikamtoka puani. Na wale wale waliosifu shingo wakaanza kusema ni nene mno, na kwamba wao walishtuka tangu walipoingia. Nilitamani kuwanyang'anya sahani.

"Dada, ulijua?" Mitwalli akaninong'oneza.

"Mimi nina macho. Mkwe wenu mmeshampata, kaka. Mjukuu huyo hapo ananyonya."

Wagdi aliinamisha kichwa. "Haji, mimi kiapo chako sikidai. Binti wa watu si kitu cha kuwekewa dau."

Rawya akaweka sinia chini. "Baba, miaka miwili umeninyima mtu huyu kwa sababu ya damu. Na iliyomo zizini mwako hukuijua."

Hapo nilimwona kaka yangu anazeeka mbele yangu, na nikamwonea huruma, kidogo.

Alasiri akavaa joho lake la sherehe akaenda kwa Bayyumi kwa miguu, mtaa mzima ukimhesabia hatua. Alirudi upesi kuliko nilivyotarajia, akaketi bila kuvua viatu.

"Amekubali?" Rawya akauliza.

"Kanikaribisha vizuri, kanipa chai," alisema Mitwalli. "Lakini kasema nimpe siku tatu. Anasema farasi wake anamjua, ni mnyama mtulivu; sisi ndio hatujui. Anataka kwanza kuuliza huku na huku habari za malezi katika nyumba yetu."

Rawya akaziba mdomo kwa ukingo wa mtandio, akakimbilia jikoni, na tulimsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Kwa siku tatu kaka yangu hakugusa nyama. Kila mlango ulipobishwa alinyanyuka, akisubiri kuambiwa kama damu yake inafaa.