Kidole cha Akwi

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni wa Amoit alikuja karibu miezi mitatu kabla ya wakati wake, na mwenyeji akazidi kuumwa. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu usichana, na daktari wa misheni alishamwonya asibebe mimba. Lakini nani kule kijijini Mella, mpakani upande wa Uganda, angemsikiliza daktari, wakati mwanamke asiyezaa husemwa hadi kisimani? Sasa alikuwa ameegemezwa mito katika wodi ya misheni, miguu imemvimba, akihema kama aliyepanda kilima.

Mtoto, wa kike, alilazwa kando yake katika sanduku lililotandikwa pamba, chupa za maji moto huku na huku. Hakuweza kunyonya. Sista Truphena, muuguzi kutoka upande wa Kenya, alimdondoshea maziwa ya mama yake tone kwa tone, na mengi yalirudi. Amoit alimwogopa mwanawe. Aliona haya kwa hilo, lakini aliogopa kumpenda.

Kilichomnyima usingizi ni jina. Kwao mtoto asiye na jina hakuliliwa. Akifa, vikongwe humzika ukingoni mwa shamba umande haujakauka, na kabla ya chai watu wanaongea habari za mavuno ya ulezi. Wala jina halikutolewa ovyo: bibi mzaa baba alichovya kidole katika ajon, pombe ya ulezi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akiita marehemu wa ukoo. Jina lililomfanya anyonye, ndilo lake. Huyu angenyonyaje?

Mama mkwe wake, Akwi, akafika na kibuyu cha ajon kimefichwa chini ya gomesi, vazi lake refu la heshima.

"Pombe hapana," Truphena akamkingia njia. "Utamuua huyu mtoto, mama."

"Sasa mimi naita yeye na nini? Na maji ya bomba?"

Amoit akajikamua titi. Likatoka tone la manjano. "Weka hii, mama."

Truphena alimnawisha kikongwe mikono kwa sabuni, akasogea kando.

Akwi akachovya kidole. "Amongin." Mdomo haukucheza. "Asekenye." Kimya. Akaita mama yake, akaita shangazi zake, akaita hata mke mwenzake, ambaye hakuwahi kumtakia heri akiwa hai. Wapi! Machozi yakamtoka. Akageuka, kidole bado kimo mdomoni mwa mtoto, ampe pole mkaza mwanawe.

"Amoit," akasema. "Amoit, mtoto yangu..."

Mtoto akanyonya.

Alinyonya kwa udhaifu, lakini Akwi aliusikia ulimi. Akachomoa kidole kama aliyeungua. "Hapana! Hii ni jina ya mtu iko hai!"

Amoit alijua maana yake. Katika ukoo ule jina halikurithiwa mpaka mwenyewe awe kaburini. Hofu ilimpitia mwili mzima, na nyuma yake ikaja furaha, chungu, lakini furaha hasa: mwanawe ameweza kunyonya.

"Rudisha kidole, mama. Yeye nataka."

"Na wewe je?"

"Mimi nasikia moyo yangu kila siku, najua. Rudisha. Asikwende bila jina."

Akajikamua tena. Akwi akachovya kidole, akamtazama mkaza mwanawe usoni, akaita jina lake.