Ukingo wa Stepanida

Stepanida alikuwa amepiga magoti akipalilia stroberi zake zilizokuwa zimeanza kutoa maua, alipomwona msichana asiyemjua amesimama kwenye kidaraja cha mbao, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye mjane wa Nikifor?"

"Marahaba. Ndimi. Kama unauza dawa ya panya, panya wangu walishahama."

Msichana akacheka, akakaribishwa jikoni. Stepanida akamtilia chai katika kikombe cha wageni, kile kilichokaa peke yake dirishani, maana Wakristo wa imani ya kale, kama yeye, hawanywei chombo kimoja na watu wa nje. Msichana akazigeukia picha za watakatifu, akafanya ishara ya msalaba kwa vidole viwili. Uso wa Stepanida ukawaka kwa aibu.

"Kumbe wewe ni wetu. Nisamehe, mwanangu. Lete hicho kikombe nikubadilishie."

"Acha tu, mama. Chai ni chai. Mimi ni Agripina, binti wa Isai wa ng'ambo."

Ng'ambo palionekana pale pale dirishani, hata moshi wa majiko ya Waromania. Lakini mpaka wa nchi hizo mbili ulipita katikati ya mto Danube, na hapo hapakuwa na kivuko; Agripina alikuwa amezunguka kwa mabasi kupitia Moldova ili afike.

Wataalamu wa nchi zote mbili walikuwa wamekuja kueleza kwamba delta inakufa. Ndege mwari hulala upande mmoja na kula upande wa pili, walisema, kwa hiyo kingo za mashamba, kuta za udongo zinazozuia mto, zikatwe huku na huku, maji yarudi, samaki wazaliane. Watu walipiga makofi, kisha wakarudi kwenye mashamba yao. Walioahidiana mbele ya mkutano ni wawili tu, Isai na Stepanida: siku ya Mtakatifu Georgi, mto ukiwa umejaa, kila mmoja akate ukingo wake.

Siku hiyo ilikuwa kesho.

"Baba hatakata," Agripina alisema. "Halmashauri imelikodisha bonde lote kwa mtu wa mahindi, na shamba letu limo. Matrekta yameshapita. Baba amelala tu, hataki hata kula. Amenituma nikwambie usikate. Hakudai tena ile ahadi."

Stepanida alitazama nje. Bustani ile Nikifor aliiinua kwa tope la mfereji, mtumbwi baada ya mtumbwi, mpaka mgongo ukapinda. Ndiyo iliyomlisha tangu amzike.

Asubuhi alichukua sepetu, akaenda kwenye ukingo. Jirani yake Lazar alikuwa akipita na mtumbwi.

"Shemeji, umeamua kufuga vyura?"

"Wa kwanza ni wewe, Lazar. Pita."

Agripina alimshika mkono. "Mama, kipande kimoja hakitawarudisha mwari. Mimi nimesomea haya mambo."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Nilisema nitakata. Sikusema nitakata baba yako akikata."

Akachimba. Agripina alisimama kidogo, kisha akaenda kuleta jembe.

Maji yaliingia taratibu, ya kahawia, yenye utando wa dizeli ya meli. Yakajaza matuta, yakafunika maua. Hakuna ndege aliyetua. Stepanida alisimama ndani yake hadi magotini, akaendelea kupanua mkato.

"Ukifika kwenu," alisema bila kugeuka, "mwambie Isai nimekata."