Vikapu Vilivyoinamia Nyumba ya Meneja

Juu ya mlango wa duka la kijiji, upande wa Mabawe, palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chokaa: MTEJA ASIYE NA KIKAPU CHAKE HAHUDUMIWI. Chini ya ubao huo, saa moja asubuhi ya Jumanne moja ya Februari 1979, vikapu thelathini na kimoja vilikuwa kwenye foleni, na ishirini na sita kati ya hivyo vilikuwa vimeinamia nyumba ya meneja.

Wenye vikapu hawakuwapo. Walikuwa mashambani wakipalilia maharage. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kijiji: jioni unapeleka kikapu chako, unakiweka nyuma ya cha mwenzako, unakwenda zako. Asubuhi kikapu kimekushikia nafasi. Vilikuwa vikapu vya mafunjo ya bondeni, vimesukwa na wanawake wenyewe, vingine vina umri mkubwa kuliko duka. Meneja Novatus aliviona kuwa wateja bora kuliko wenyewe. Kikapu hakinyonyeshi foleni ikisimama, hakiulizi mzigo uliofika juzi umekwenda wapi.

Novatus alifika saa tatu kasorobo, amevaa suti ya Kaunda yenye kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika. Aliitazama foleni, akaanza kuvinyoosha vikapu kimoja kimoja kwa ncha ya kiatu. Alipofika cha kumi, cha kwanza kilikuwa kimeshainama tena, taratibu, kama mtu mzima anayerudia ubavu aliouzoea kulalia.

"Upepo," alisema.

Hapakuwa na upepo. Akafungua duka.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa, na Eustakia, mjane mwenye mdomo usiokuwa na mlango, alikuwa amelieleza tangu wiki ya kwanza: kikapu kiliinamia mahali kilipo kile kilicholetwa kuchukua. Vile ishirini na sita vililetwa kwa ajili ya sukari. Vitatu vya sabuni viliinamia jiko la mwenyekiti wa kijiji, mzee Idefonsi. Viwili vya chumvi vilielekea mlango wa duka, kwa sababu chumvi ilikuwamo dukani kweli. Watu walilipokea hilo kama wanavyopokea jogoo anayewika mapema. Waliongeza tu desturi moja ndogo: ukipita njiani ukamkuta jirani anatoka dukani, humwulizi kuna nini. Unamwuliza vimelala wapi.

Kikapu cha nne asubuhi hiyo kilikuwa cha Esperansia. Binti yake Zita alikuwa amejifungua Ijumaa mtoto wa kike mdogo kama mkungu wa mwisho wa kiangazi, na maziwa hayakutoka. Deodata, mkunga, alimkanda kifua kwa maji ya moto, akasema kilichobaki ni uji wa ulezi wenye sukari, asubuhi na jioni, mama apate nguvu, kifua kifunguke. Ulezi ulikuwapo. Siku ya kwanza mtoto alilia kijiji kizima kikasikia. Jumatatu jioni alikuwa analia bila sauti.

Esperansia alifika dukani na udongo wa shamba miguuni. Novatus alikuwa na umri wa kijana wake wa kwanza, lakini nyuma ya kaunta alisubiri aamkiwe yeye.

"Habari za asubuhi, ndugu Meneja."

"Sema shida."

"Sukari. Kilo moja. Kama ni nusu, nusu. Zita amejifungua."

"Hakuna. Sukari imekwenda mbele, kwa wapiganaji." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetoka huko mbele jana, ingawa safari yake ndefu tangu vita vianze ilikuwa ya kutoka kitandani hadi kaunta. "Nchi iko vitani, mama. Wewe unawaza uji."

"Mwanangu Leonidas yuko huko mbele tangu Novemba."

"Basi si anainywa huko huko? Ninyi nyumba yenu imeshagawiwa. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa kikapu.

Esperansia akakichukua chake. Mkononi mwake bado kilivuta upande uleule, kama mbuzi anayejua zizi. Eustakia, aliyekuwa amekuja kwa sukari pia, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Jamani, kwa nini tunasumbuana na mlango usio na kitu? Twendeni vinakoangalia."

Wakaenda, wanawake kumi na tisa waliokwisha kurudi kutoka mashambani. Haikuwa safari, ilikuwa kuvuka uwanja. Barazani kwa Novatus walikaa mgambo wawili wazee ambao vita viliwaacha kwa sababu ya magoti, wakiwa na bunduki moja ya kushirikiana. Mkewe Novatus, Secilia, alifungua mlango akiwa na kisu cha kumenyea ndizi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Hamjambo humu?"

Hawakuhitaji kuingia. Sebuleni, kutoka ukutani hadi ukutani, yalipangwa magunia kumi na moja ya sukari, na juu ya moja kilikuwapo kitambaa cha kufuma chenye maua. Sisimizi walikuwa na foleni yao kutoka kizingitini hadi gunia la pembeni, na foleni yao ilisogea. Vikapu kumi na tisa mikononi mwa wanawake vikasimama wima, vinywa wazi, kama watoto mbele ya chungu.

"Secilia mwanangu," alisema Eustakia, "hayo ni nini?"

Secilia aliyatazama kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Mimi niliambiwa ni viti."

Mgambo mwenye zamu ya bunduki akakohoa kwa heshima, na wanawake wakarudi dukani, kwa sababu kununua sukari nje ya duka kulikuwa kosa na kila mmoja wao alilijua tangazo la kukataza hilo kwa moyo. Walimwambia meneja walichokiona. Hakukasirika. Alieleza polepole, kama anayefundisha watoto kuhesabu vidole.

"Sukari iliyo nyumbani kwangu si ya duka. Ingekuwa ya duka, ingekuwa dukani."

Jioni hiyo Zita aliuliza akiwa amelala, uso umeelekea ukutani. "Mama, imepatikana?"

"Tumeiona."

"Ukiiona si ndiyo imepatikana?"

Esperansia alipuliza moto. Walikunywa uji wa ulezi mtupu. Deodata alizunguka nyumba tatu akitafuta mwanamke mwenye maziwa, akampata mmoja, msichana wa watu, ambaye wa kwake pacha wawili walikuwa wanagombania tone. Alimnyonyesha mtoto wa Zita mara moja, akaomba radhi.

Kwenye ukuta wa duka kulikuwa na sanduku la maoni ya wateja, na ufunguo wake ulikaa kwa Novatus. Eustakia, aliyesoma kisomo cha watu wazima hadi akapewa cheti, aliandika barua ya kurasa mbili na kuitumbukiza humo. Aliandika kila kitu: magunia, maua ya kitambaa, mtoto asiye na sauti. Kwa kuwa hakutaka aonekane mchochezi, aliweka juu kichwa cha habari cha adabu: KUHUSU HALI YA VIKAPU. Novatus aliisoma. Akasahihisha tahajia kwa kalamu nyekundu, akachana ukurasa wa pili, akaupeleka wa kwanza kwa wakubwa, kwa sababu ulihusu vikapu na vikapu havikuwa idara yake.

Alhamisi ikaja Landrova. Ndani yake alikuwamo afisa aitwaye Alfonce, mtu wa diploma na kitambi kichanga alichokibeba kwa uangalifu kama yai. Alikuja na pima maji ya fundi. Aliiweka chini mbele ya foleni, akapiga goti juu ya gazeti, akafumba jicho moja.

"Ardhi imenyooka," alitangaza.

"Tunajua," alisema Eustakia.

"Kwa hiyo tatizo ni vikapu."

Esperansia alisogea mbele. Hakuwa mwanamke wa kusema mbele ya magari. "Bwana Afisa, tatizo ni sukari. Nyumba ni ile. Vikapu vinakuonyesha. Mimi nina mtoto hapo nyumbani, hana siku nyingi."

Alfonce alimtazama kwa upole ambao watu wa ofisi huutumia badala ya kazi. "Mama, kila kitu kina hatua zake. Mimi nimetumwa kwa hali ya vikapu."

Akaenda kula kwa meneja. Alikula saa mbili. Alipotoka alikuwa na chai shavuni bado, na mgambo walibeba kitu kizito kilichofunikwa shuka, wakakipakia nyuma. Landrova ilipoondoka, kikapu cha Esperansia kiligeuka taratibu kuifuata mpaka konani. Kikasita hapo kidogo, kama kinachopiga hesabu. Kisha kikarudia nyumba ya meneja, ambako bado kulikuwa na sukari nyingi zaidi. Watu wote waliokuwa uwanjani waliona. Mzee Idefonsi aliona pia, akauliza kama mvua itanyesha.

Taarifa ya Alfonce ilirudi baada ya siku nne, kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana kabla wala baada ya hapo. Ilisema vikapu vya mafunjo vina tabia ya kuelekea watu binafsi. Ilishauri vipigwe marufuku na kila kaya ipewe mfuko mmoja wa katani, wenye namba, imara, wa kutumika tena na tena, ili huduma kwa wateja iboreshwe. Mifuko ikaja kwenye lori lilelile ambalo lingeweza kuleta kitu kingine. Ilikuwa mizuri. Hata Eustakia, aliyetafuta kasoro akiwa ameivaa miwani ya marehemu mumewe, alikiri kwamba mshono ulikuwa mzuri.

Esperansia alipewa namba kumi na saba.

Siku ya kwanza mifuko ililala chini kwenye foleni, bapa, kama mbwa waliochoka, na Novatus alipita katikati yake akipiga mluzi. Siku ya pili ilitulia vilevile. Wanawake walianza kuogopa kwamba wamepewa mifuko mijinga. Siku ya tatu asubuhi mikono ya mifuko ilikuwa imenyooka yote, imekaza, kuelekea nyumba ya meneja, na ile ya sabuni kuelekea jiko la mzee Idefonsi. Watu walipumua. Deodata alisema kitu kipya huchukua muda kuzoea mahali.

Kwa hiyo mzee Idefonsi akaitisha mkutano. Alisimama kwa fimbo yake, akazungumza juu ya umoja, juu ya vita, juu ya kufunga mkanda. Mkanda wake mwenyewe ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari upande wa kulegeza. Halafu akatoa uamuzi.

"Mifuko inaelekea kwa Meneja. Sawa. Sisi ni serikali inayosikiliza. Ubao wa duka utahamishiwa kwa Meneja. Kuanzia kesho, mifuko itakuwa inaelekea duka, kama inavyotakiwa."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu ilikuwa zamu ya kupiga makofi. Eustakia peke yake aliinua mkono.

"Mzee, na ya sabuni?"

"Ya sabuni itaelekezwa."

Fundi akaupigilia ubao juu ya mlango wa Novatus. Chini yake Novatus aliongeza mstari mwingine kwa mkono wake: MFUKO USIOELEKEA DUKA HAUHUDUMIWI. Ulionekana mstari wa haki. Asubuhi iliyofuata Esperansia alikuwa wa kwanza. Namba kumi na saba ilimvuta mkono hadi kizingitini, na safari hii hakuna mgambo aliyekohoa. Novatus alikuwa ameweka meza sebuleni. Nyuma yake lilining'inia pazia, na chini ya pazia zilionekana pembe za magunia na foleni ya sisimizi, ambayo ilipita chini ya meza bila kuulizwa namba.

"Sukari," alisema Esperansia.

"Dukani hakuna."

"Naiona, ndugu Meneja. Hiyo hapo."

Novatus aligeuka, akatazama, akarudi. "Hapa mbele ya pazia ni duka. Nyuma ya pazia ni nyumba ya mtu. Mnataka kuingia mpaka chumbani kwa watu?"

Mfuko ulimpita kiunoni, mikono yake imenyooka hadi kwenye pazia, ikatetemeka hapo. Novatus akauondoa kwa vidole viwili, kama anayeondoa mkono wa mtoto mezani.

Mtoto alifariki Jumamosi kabla ya mchana. Deodata alikuwa amembatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, akampa jina Nimpaye, kwa kuwa padri alikuwa mbali na muda ulikuwa mfupi. Walimzika nyuma ya nyumba, juu kidogo, kwenye migomba. Kaburi la mtoto wa ukubwa ule huchimbwa kwa jembe la kupalilia. Redio ya mwenyekiti ilisikika mpaka huko, ikisema majeshi yanasonga mbele vizuri.

Jumanne Esperansia alipeleka mfuko wake kwenye foleni. Safari hii hakutaka sukari. Alitaka chumvi, maana waliobaki hai walikula, na chumvi ilikuwa mezani, mbele ya pazia, mali halali ya duka. Siku hiyo hakuna aliyetaka sabuni, na mifuko mingine yote ilielekea mlango wa Novatus kama nyasi zilizolazwa na maji. Namba kumi na saba peke yake ilikuwa imeupa mlango kisogo. Mikono yake ilinyooka upande wa pili, kupita uwanja, kupita njia, juu kidogo, kwenye migomba.

Novatus alitoka na kalamu zake tatu. Aliugeuza kwa ncha ya kiatu. Ukarudi. Akaugeuza tena, safari hii kwa kisigino. Ukarudi.

"Mama Zita," aliita, bila kuinua macho, "ondoa mfuko wako hapa. Sheria iko juu ya mlango, na kusoma unajua. Huu hauelekei duka."

Esperansia aliuokota, akaukunguta vumbi la kiatu, akauvaa begani. Foleni ikasogea mbele nafasi moja, ikaziba pengo.